Ukurasa wa Kumi na Nne wa Daftari la Muyama

Kasulu, Jumapili, 16 Machi 2014. Mvua imeanza watu wakitoka misa ya kwanza, na mpaka sasa, saa nane mchana, haijaonyesha dalili ya kuchoka.

Mimi sikwenda misa. Nimemwambia dada yangu kwenye simu kwamba kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Ona sasa, sijamaliza hata aya mbili nimeshakiri uongo mmoja, na huo ndio mdogo.

Nyinyi mnaonisoma hapa kwenye blogu yangu (najua mko saba, na wawili ni watoto wa dada yangu) mmezoea habari za mabomba yanayopasuka na mahindi yangu ya nyuma ya nyumba. Leo sina hamu ya mabomba. Nina jambo limenikaa kooni, na nisipoliandika leo, kesho nitavaa viatu vya kazini, nitaitwa Injinia, na nitalimeza tena kama nilivyolimeza siku zote.

Wiki tatu zilizopita alinipigia simu mtu tuliyesoma naye, siku hizi mkubwa huko Dar. Chuo chetu cha zamani kinatenga chumba cha kuhifadhi kumbukumbu za wahandisi. Si za madaraja na mabwawa tu, alisema, bali za maisha yetu tulipokuwa wanafunzi: picha, barua, ratiba za mitihani, michoro, madaftari ya uwandani, hata ovaroli kama bado ipo. Nikamwambia yangu imetoboka magotini. Akasema ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka. Kisha akanitania kwamba darasa zima linajua mimi situpi kitu, kwa hiyo wananitegemea.

Hakukosea. Ninalo sanduku la bati nililokwenda nalo chuoni kwa treni kutoka Kigoma na kurudi nalo nikiwa mhandisi. Jumatatu iliyopita nililivuta kutoka uvunguni, nikaketi sakafuni na miwani yangu, nikasahau hata kula.

Jamani, ujana.

Kulikuwa na ile rula kubwa ya kuchorea yenye umbo la T. Nilikuwa nikisafiri nayo imefungwa kwenye kanga, na abiria wenzangu wakiniuliza kama ni msalaba. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilichoka, nikawa najibu ndiyo, ni msalaba, nao wakanipisha nikae vizuri. Kulikuwa na karatasi za michoro zenye madoa ya chai, na picha ya darasa: safu tatu za wavulana na wasichana wawili, mimi nikiwa pembeni nimekunja uso kwa jua. Miaka ile sabuni ilipatikana kwa kujuana, kwa hiyo ovaroli zetu zilikuwa na historia yake. Bwaloni tulikuwa na meza yetu. Watu wa sheria hawakuisogelea kwa sababu ya harufu ya grisi na kelele zetu za kubishania majibu ya maswali. Walituita mafundi baiskeli, na sisi tukavimba vichwa kwa kuitwa hivyo.

Mimi waliniita Theodolaiti. Ni kile chombo cha wapima ardhi kinachosimama juu ya miguu mitatu mirefu, myembamba. Mimi nilikuwa na miwili tu, lakini ilitosha. Aliyenibatiza ni Gervas.

Gervas ni mtu wa Kibondo. Katika darasa lile Waha tulikuwa yeye na mimi. Tulisengenya watu kwa Kiha mbele yao, tukiwa na nyuso za watu wanaozungumzia hesabu. Alinifundisha hesabu za mtiririko wa maji mpaka zikaniingia, na mimi nikamsahihishia ripoti zake, maana Kiingereza chake kilikuwa balaa. Kila likizo ikiisha mama yake alimfungia chupa mbili za asali, moja yake na moja ya "yule binti wa Kasulu". Mama yule hakuwa ananijua kwa lolote ila kwamba nami niko mbali na kwetu. Nilikula asali yake na mkate wa chuo kwa miaka mitatu.

Sijawahi kupata rafiki wa namna ile tena. Naandika hivi na machozi yananilenga, mtu mzima mimi.

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni, lilikuwemo daftari la Muyama. Sitasema nilishtuka kuliona. Nilijua lipo, na nilijua liko upande gani.

Niwaeleze taratibu, maana msipoelewa hapa hamtaelewa mbele. Mwaka wa tatu tulipelekwa uwandani wawili wawili. Sisi, kwa kuwa ni wenyeji, tulipangiwa Muyama, tupime miinuko kwenye njia ya bomba litakaloteremsha maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi vijijini. Kazi hiyo mmoja anachungulia kwenye darubini na kusoma namba kwenye fimbo ya vipimo, ambayo mwanakijiji ameisimamisha kule mbali. Mwingine anaandika. Mwandishi anarudia namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Akiwa na shaka anasema, na msomaji analazimika kusoma upya. Halafu kuna sheria kubwa kuliko zote, tuliyoimbishwa tangu wiki ya kwanza: daftari la uwandani halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa lenyewe liendelee kusomeka, unaandika sahihisho, unatia sahihi na tarehe. Kifutio hakikutakiwa hata kuwemo mfukoni.

Mimi nilikuwa nacho mfukoni.

Msomaji nilikuwa mimi. Darubini zile za zamani zilionyesha kila kitu miguu juu, kichwa chini. Unazoea, lakini ukiwa na haraka sita unaiona tisa. Siku ile wingu lilikuwa limeshuka mpaka migombani na mimi nilitaka tuwahi kurudi. Nikasoma tisa. Gervas akarudia tisa, kwa ile sauti yake ya kuvuta, akaniomba nisome tena. Nikamwambia kama hataki kuandika aje achungulie yeye, mvua hiyo inakuja. Nilikuwa na ulimi mimi, acha tu. Akaandika.

Kesho yake asubuhi mvua ikatufungia ndani, nikakaa kupiga hesabu ya mzunguko mzima. Ukianzia kwenye alama moja na kurudi kwenye alama ile ile, hesabu inatakiwa ikurudishe palepale ulipoanzia. Yangu ilipishana kwa sentimita thelathini. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa hadi wa kumi na nne, nikaiona ile tisa yangu. Pembeni yake, kwenye safu ya maelezo, palikuwa na mwandiko wa Gervas. Daftari zima lilikuwa la Kiingereza kama tulivyotakiwa, lakini pale alikuwa ameandika Kiswahili: "Nina shaka. Irudiwe. Msomaji amekataa."

Mwalimu alikuwa anafika mchana ule ule kutukagua. Muhula uliotangulia nilikuwa nimefeli somo moja, na nikifeli jingine ningedisko. Ndivyo tulivyoita kufukuzwa chuo kwa sababu ya alama. Tulikuwa wasichana wawili darasani, na kuna watu walikuwa wanasubiri tuthibitishe kwamba hatuwezi. Baba yangu alikuwa amekosana na ndugu zake wote ili mimi nisome. Mnaona ninavyozipanga vizuri sababu zangu. Gervas naye alikuwa nazo zake. Malaria ilimkosesha mtihani mmoja, kwa hiyo alikuwa ukingoni sawa na mimi, na nilijua.

Alipotoka kwenda kuazima mwavuli, nikafuta.

Maneno matano. Nilifuta polepole, nikapuliza, nikalainisha karatasi kwa ukucha. Mwalimu alipofika na kuuliza, nikasema mimi nilisoma sita, mwandishi akaandika tisa. Gervas hakupandisha sauti. Alimwomba mwalimu aangalie safu ya maelezo ya ukurasa ule, kwamba ameandika humo shaka yake. Mwalimu akafungua, akasogea mlangoni penye mwanga wa mvua, akaangalia. Hakuona kitu. Akamwuliza Gervas kama anamfanya yeye mtoto.

Gervas akanigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananisubiri niseme. Nikainama, nikaanza kufunga kamba za viatu vyangu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Ripoti yake iliandikwa kwamba amezembea na kwamba si mkweli. Akadisko. Mimi, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa kundi, nikakabidhiwa daftari nilitunze.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na saba, tena na kupandishwa vyeo njiani.

Gervas alirudi kwao, akajifunza ufundi wa pampu kwa kushikashika. Wakimbizi wa Burundi walipokuwa Mtabila alifanya kazi ya maji kambini miaka mingi, mpaka kambi ilipofungwa mwaka juzi. Warundi walimwita enjenieri. Kwenye karatasi za mwajiri alikuwa fundi msaidizi. Najua kwa sababu siku moja nilikwenda huko kukagua tangi jipya, nikiwa mgeni rasmi kabisa, na mafundi walipangwa mstari wanisalimie. Ilipofika zamu yake akaniambia, "Shikamoo, Injinia."

Tumezaliwa mwaka mmoja. Niliitikia marahaba. Mungu anisamehe, niliitikia.

Basi wiki nzima hii daftari limekaa juu ya meza yangu ya chakula. Nilifikiria kulichoma. Nilifikiria kulituma Dar kimyakimya pamoja na ovaroli, wanafunzi walione ndani ya kabati la kioo, mwandiko mzuri wa zamani, na hakuna ambaye angejua. Hilo la pili ndilo lililonishinda. Wangeliweka chini ya picha yangu.

Jana asubuhi nikatia daftari kwenye mkoba, nikawasha pikapu, nikashika njia ya Kibondo. Nilitunga hotuba. Kufika Makere nilikuwa nimeshaikamilisha, ina mwanzo, kati na mwisho. Nilipozima gari mbele ya karakana yake, nyuma ya soko, hakuna neno hata moja lililobaki.

Alinipokea kwa "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, ya heshima, akanivutia kiti, akamwita mkewe, Mama Anita, alete kahawa. Akaniuliza kama ni pampu imeniharibikia. Nikafungua mkoba, nikaweka daftari juu ya meza yake kati ya washa za mpira na vipande vya bomba, nikafungua ukurasa wa kumi na nne.

Kwanza alifuta mikono, kwa kitambaa, pande zote mbili. Kisha akavaa miwani. Akatazama, akapitisha kidole kwenye ile safu, akalinyanyua daftari hadi dirishani na kuuinamisha ukurasa ili mwanga uje kwa ubavu. Gervas alikuwa akikandamiza penseli tangu chuoni, tukimcheka kwamba anachonga mawe. Kifutio kiliondoa weusi tu. Alama ya penseli ilibaki ndani ya karatasi miaka yote hiyo.

Kisha akaita bila kugeuka.

"Mama Anita, hebu njoo usome hapa. Mimi usiniamini."

Mkewe akaja, akayatafuta maneno kwa mwanga, akasoma moja moja. Nina shaka. Irudiwe. Msomaji amekataa. Akauliza ni barua ya nani. Gervas akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku aliyofungasha mizigo yake bwenini.

Nikasema ni mimi niliyefuta. Nilisema nikiwa nimesimama, na mkewe akisikia.

"Hilo nilijua, Theodolaiti," alisema. "Angekuwa nani mwingine? Ila miaka ilipopita nikaanza kufikiri labda kweli sikuandika. Labda niliota."

Akanieleza, huku akipangusa macho kwa kile kitambaa chenye mafuta, kwamba Mtabila alikuwa akifunga koki ya tangi, anatembea nusu ya njia ya kurudi nyumbani, halafu anarudi kuangalia kama ameifunga. Kila siku. Wenzake walidhani ni bidii ya kazi. Alikuwa haamini kumbukumbu zake mwenyewe, na hilo nililifanya mimi kwa kifutio cha shule. Nilidhani nimemnyang'anya cheti. Sikujua nimechukua na hilo.

Nikamwomba msamaha. Niliomba vibaya, kwa kukatakata, bila ile hotuba.

"Nimekusikia," akasema. "Leo niache nifurahi kwanza."

Akanyoosha mkono, akanipa kalamu ya wino. Hakunieleza niifanyie nini. Nikainama pale mezani, nikaandika kwenye safu ile ile kwamba maneno yaliyokuwa hapa yalifutwa na mimi, msomaji, nikaweka jina langu kamili, sahihi na tarehe ya jana. Mwandiko umetoka wa bibi kizee. Nilipomaliza akakisoma nilichoandika na kukirudia kwa sauti, neno kwa neno, kama mwandishi anavyomrudia msomaji wake.

Nikamweleza habari ya chumba cha kumbukumbu Dar. Nikamwambia likienda na maneno hayo wanafunzi watalisoma, na wakubwa wangu watalisoma, na mimi nina miaka michache kabla ya kustaafu. Sikusema ili anihurumie, au labda nilisema kwa ajili hiyo, sijui. Akasema liende, mahali pake ni huko. Ila kwanza ana safari nalo.

Mama yake bado yuko hai, kijijini, saa moja kwa pikipiki kutoka mjini. Mwaka ule alipelekewa habari kwamba mwanawe amefukuzwa kwa sababu ya uongo. Hakumgombeza. Lakini tangu hapo, Gervas akisimulia jambo lolote mbele yake, hata la ng'ombe aliyezaa, mama humwuliza kama ana hakika. Miaka ishirini na saba anaulizwa na mama yake kama ana hakika.

Nilirudi Kasulu bila daftari.

Leo asubuhi nimefunga mzigo wa Dar. Ovaroli nimeikunja, rula nimeiviringisha kwenye gazeti, picha ya darasa nimeandika majina nyuma na Gervas nimemwandika kwa majina yake yote matatu. Yule mkubwa nimemtumia ujumbe kwamba kuna daftari moja litachelewa. Kajibu kwa utani kwamba wahandisi wa Kigoma hawajawahi kuwahi kitu. Nimecheka kidogo. Chuo kile nakipenda bado, ndiyo ajabu yake, nakipenda pamoja na niliyoyafanya ndani yake.

Saa sita simu ikalia. Ujumbe wa Gervas, nauandika kama ulivyo:

"Mama amelishika daftari. Hajui kusoma, akataka nimsomee. Nimemsomea mara tatu. Akauliza ni nani alifuta. Nimemwambia mwenyewe anakuja kukwambia."

Nimejibu kwamba Jumamosi niko hapo.

Tangu saa hizo natembea humu ndani najaribu nitakavyosema. Mama yule Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo itabidi niseme Kiha. Kwa Kiswahili ningeweza kuzunguka siku nzima: hitilafu ya vipimo, mazingira ya wakati ule, shinikizo. Mikutanoni ndiyo kazi yangu. Kiha changu ni cha jikoni kwa bibi, cha kuomba chumvi na kukiri nani kavunja chungu, na kila ninavyojaribu kukirefusha kinanirudisha kwenye maneno machache yaleyale.

Mama, mwanao alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi.